Harufu Iliyopanda Basi la Iringa

Mlandege, Iringa
12 Mei 2024

Mchumba wangu Lea,

Kamwene. Usiijibu salamu mbiombio kama vijana wa siku hizi. Jibu polepole, kisha uendelee kusoma.

Hapa nyumbani tupo. Goti la kushoto linauma asubuhi na la kulia linauma jioni, yamegawana zamu vizuri kuliko wazee wa kanisa. Mama Blessing wa nyumba ya pili anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Nimemwambia sijui, maana tangu tumzike bibi yako mwaka jana hujaleta sura yako hapa.

Najua utasema, Babu una simu, kwa nini unahangaika na kalamu? Nilishakwambia. Simu ile ndiyo iliyoniambia kwamba bibi yako Lusia amefariki hospitalini, tena nikiwa nanyoa ndevu, upande mmoja tayari na mwingine bado. Tangu siku hiyo ikiita nasikia baridi mgongoni. Nimeiweka kabatini iwe ya misiba. Barua ina adabu. Kondakta anaibeba asubuhi, nawe unaisoma ukiwa umekaa.

Jambo lenyewe ni Sifa. Unakumbuka ng'ombe huyu bibi yako alipewa na kikundi cha akina mama wa usharika, kwa masharti. Akizaa jike, ndama huyo anakwenda kwa mwanakikundi anayefuata kwenye foleni, na hapo ndipo Sifa anakuwa wetu moja kwa moja. Mara ya kwanza alizaa dume, likahesabiwa kama hakuna kilichotokea. Sasa ana mimba tena, Novemba anazaa. Lakini kamati ikimkuta amekonda kwa uzembe, wanamchukua na mimba yake na kumpeleka kwa huyo anayefuata. Anayefuata ni jirani yangu Rabson. Ndiyo maana siku hizi Rabson anakuja kunisalimu kila asubuhi, anasema "shikamoo kaka" huku anaziangalia mbavu za ng'ombe.

Halafu mwenyekiti wa kikundi, Prisca, ametangaza kwamba kila anayekamua avae koti jeupe. Mimi nina joho la kwaya tu, na mwalimu wa kwaya hakamui na joho. Wewe huko chuoni si mnavaa makoti meupe kama waganga? Nitafutie moja, hata kuukuu.

Na uniambie vizuri unasoma nini. Niliulizwa kanisani, nikasema samaki.

Mimi mumeo,
Aroni

*

Uyole, Mbeya
9 Juni 2024

Mume wangu mzee,

Kamwene. Nimeitikia polepole, mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza ninaongea na nani.

Mimi ni mzima, ila baridi ya Uyole mwezi huu haina huruma. Nalala na soksi, kofia na koti. Mafua yamenishika na pua zote mbili zimeziba, naongea kama mtu aliyeingia ndani ya mtungi. Mwambie Mama Blessing sijanenepa, nimevaa nguo nyingi.

Babu, si samaki. Ni matumbawe. Tumbawe ni mnyama mdogo, laini, anayeishi baharini na ndugu zake wengi wameshikana pamoja. Wengine wanajijengea nyumba ya jiwe, na hilo jiwe ndilo watu wanaloliona wakidhani ndilo tumbawe lenyewe. Wa kwangu ni katika wale laini. Mwilini ana mafuta kama sisi. Akijeruhiwa, kuna vitu vidogo ndani yake vinaitwa vimeng'enya, ambavyo vinazishika asidi za yale mafuta na kuzikatakata. Vipande vingine vinakuwa vidogo mno na vina harufu kali. Labda ndiyo namna yake ya kupiga yowe, labda anamfukuza adui, bado tunabishana.

Sasa sikia jambo utakalolipenda. Majani nayo yana kimeng'enya cha kazi kama hiyo. Ile harufu unayoisikia nyasi zikifyekwa ni mafuta ya jani yaliyokatwakatwa. Mnyama wa baharini na nyasi za Mlandege wanafanya ufundi unaofanana, na hawajawahi kuonana.

Hata mimi na huyo mnyama hatujaonana. Usimwambie mtu: sijawahi kuiona bahari. Tulichofanya ni kuchukua maelekezo yake ya kutengeneza kimeng'enya tukawapa bakteria, nao wanatutengenezea hapa hapa Mbeya. Mimi nakisafisha, nakichanganya na asidi za mafuta ya alizeti, nasubiri. Kikifanya kazi, chupa itanuka nyasi mbichi. Mashine ya kupimia iko kwa fundi Dar es Salaam, na fundi amesema "wiki mbili", yaani hakuna anayejua. Kwa hiyo kwa sasa mashine ni pua yangu.

Koti nitalitafuta. Kuhusu kuja, kazi imebana, tutaona.

Mkeo mdogo,
Lea

*

Mlandege
7 Julai 2024

Mchumba,

Kamwene. Goti la kulia limeacha zamu, la kushoto linafanya zote. Mama Blessing ameleta viazi. Jumapili walinialika kuisikiliza kwaya mpya, nikasema nina kikohozi.

Yako nimeisoma mara kadhaa na nimewaeleza wazee wa kanisa, maana walikuwa wanangoja. Nikasema, mjukuu wangu anamsoma mnyama anayeishi ndani ya jiwe, ana mafuta, na akiumia ananuka majani. Rabson akauliza, "Analiwa?" Nikasema sijui. Akauliza, "Basi serikali inamsomesha wa nini?" Nikamjibu, Rabson, wewe mwenyewe unakaa ndani ya nyumba ya mawe, una mafuta, na ukiumizwa kidogo mtaa mzima unajua, na hakuna aliyewahi kukusoma. Wazee walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Siku iliyofuata hakuja kunisalimu, lakini keshokutwa yake alirudi, maana mbavu zinamwita.

Nazo mbavu zimeanza kuonekana kidogo. Nasema kidogo tu. Nyasi zimekauka, kinyungu cha bibi yako, ile bustani yake ya kule bondeni, nacho kimekauka, kwa hiyo natafuta mabua ya mahindi huku na huku. Nayakata, nayatia chumvi, namwekea horini. Sifa anayanusa, anageuza kichwa, anaangalia njia. Anaweza kuiangalia njia mchana kutwa. Hata jirani akipita anainua masikio, akishaona ni nani anayashusha. Nimemwambia, mama, mimi ndiye ninayekulisha siku hizi, nizoee. Ananitazama kama ninavyomtazama mwalimu mpya wa kwaya.

Prisca amesema kamati itapita mwezi wa tisa. Koti, Lea. Akikuta ng'ombe mwembamba angalau akute mkamuaji msafi.

Unakuja lini? Mara ya pili nauliza.

Aroni

*

Uyole
18 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kila mtu huku ni mzima, nami ni mzima isipokuwa pua. Nimekunywa tangawizi, nimejifukiza majani ya mkaratusi, nimepewa vidonge. Bado sisikii harufu ya chochote. Juzi nimekula ugali umeungua mpaka mwenzangu akaninyang'anya sahani.

Kazi inaendelea.

Mambo mengine ya huku ni ya kawaida. Yotamu anayefyeka majani ya chuo amepewa cheti cha mfanyakazi bora. Wakubwa walisema kila wakipita kwenye jengo letu wanasikia nyasi zimefyekwa fresh, hata kiangazi hiki. Yeye mwenyewe alishangaa, nasi tulimpigia makofi.

Nakutumia koti kwa basi la asubuhi, litakuwa kwenye mfuko wa plastiki mweusi, nimeufunga vizuri. Ni langu mwenyewe. Halijafuliwa, maji yamekatika tangu Jumatano, na jana nilijimwagia chupa nzima kifuani na kwenye mkono wa kulia. Usiogope, ni mafuta ya alizeti na protini tu, hayana sumu. Lifue ndipo ulivae. Mimi sitalihitaji sana.

Pole kwa Sifa. Kuja bado sijapanga.

Lea

*

Mlandege
1 Septemba 2024

Lea,

Kamwene. Leo sina nafasi ya magoti.

Kwanza, barua yako ilikuwa fupi kama tangazo la maji. "Kazi inaendelea." Bibi yako aliponiambia "chakula kinaendelea" nilijua kimeungua. Na hiyo "sitalihitaji sana" nimeiona, usidhani imenipita. Nitaifikia.

Pili, koti. Mfuko ulikaa ofisi ya basi zaidi ya wiki, nikaupokea kwa kondakta Jumatano jioni, nikalileta nyumbani, nikafungua mfuko barazani. Kuhusu nilichosikia nilipoufungua sitaandika kitu leo. Niliketi kwanza. Baadaye nikasema ngoja nilipime kabla ya kufua, nikalivaa, nikaenda bandani kujitazama kwenye maji ya ndoo.

Sifa alikuwa amelala tangu jana yake. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia Prisca. Nilipoingia na koti lile alinyanyuka, Lea! Alisimama wima, akalia mlio ambao sijausikia tangu mwaka jana, akaja moja kwa moja akaanza kunilamba kifua. Nikasema, vizuri, sasa tumepatana. Nikafumba macho kidogo, maana ulimi wa ng'ombe ukikulamba kwa upendo unakwaruza. Nilipofumbua, mkono wa kulia wa koti ulikuwa haupo. Nikavuta, akavuta. Nina miaka sabini na sita na sijapigania nguo na mtu tangu shule. Alimeza mpaka kwenye kiwiko, akabaki ananitazama kama anauliza kama kuna mwingine.

Ikabidi nitumie akili. Nilivua kilichobaki, nikakilaza juu ya mabua. Akala mabua. Akamaliza hori! Asubuhi nikafanya tena, akala tena. Sasa ni siku ya nne. Koti linakaa horini, na mimi nimesimama pembeni nalilinda kwa fimbo.

Lakini umeniletea balaa. Harufu imejaa uani. Rabson amepita, amenusa, amesimama, amenusa tena. Sasa anatangaza mtaani kwamba mzee Aroni anakwenda kufyeka majani kwenye chanzo cha maji, mahali ambapo imekatazwa hata kukanyaga. Amekuja kupekua na hakukuta jani. Akasema, "Kaka, umeyaficha wapi?" Nikamwonyesha koti. Akasema nimeanza kuchanganyikiwa kwa upweke. Kamati inakuja tarehe ishirini na moja, na sasa wana mashtaka mawili, ng'ombe mwembamba na majani ya wizi.

Kwa hiyo sema ukweli. Ulilala wapi na koti hili? Ni majani gani ya Mbeya yanakaa na ubichi wake wiki mbili kwenye nguo? Na kwa nini hutalihitaji?

Aroni

*

Uyole
6 Septemba 2024

Babu, Babu, Babu,

Kamwene kwa wote, salamu nitazimalizia nikitulia.

Barua yako nimeisoma nimesimama maabara. Nilipofika pale Rabson anaponusa, nilipiga kelele mpaka chupa ya mwenzangu ikadondoka. Hakuna majani, Babu. Sikulala popote. Hiyo harufu ni kimeng'enya changu! Kilimwagika kwenye koti pamoja na mafuta ya alizeti, nikakifungia mfukoni, na chenyewe kikaendelea kukatakata ndani ya basi mpaka Iringa.

Nilimkimbilia Yotamu kule nje nikamshika mkono, nikamweka mbele ya chupa zangu, nikamwambia nusa. Akanusa. Akasema, "Dada, hii si ndiyo ile harufu niliyopewa cheti? Mimi mbona mwezi wa saba wote fyekeo lilikuwa bovu. Nilinyamaza kwa sababu walikuwa wanasifia." Kwa hiyo jengo zima lilikuwa linasikia isipokuwa mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa mashine.

Sasa nikueleze nilichokuwa sikuelezi. Tangu Juni kila jioni nilikuwa nainua chupa, nanusa, hakuna kitu, naandika "hakuna", naenda kulala. Dokta Mbuke anayenisimamia alikuwa safarini, akanipigia mwezi wa nane akasema mwisho wa Septemba kama bado ni "hakuna", kazi ya matumbawe inafungwa, na mimi naanza upya kwenye kitu kingine. Ndiyo maana nikakupa koti. Nilikuwa nimekata tamaa, Babu. Niliona aibu kukwambia wakati umeshanitangaza kwa wazee wa kanisa.

Dokta Mbuke amerudi juzi. Nilimpelekea barua yako nikiogopa, maana nilijua atasema ng'ombe si kipimo. Kwao ni Madibira, wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani, amekua nyuma ya ng'ombe. Alisoma ile sehemu ya mkono wa koti, akavua miwani, akasema, "Lea, ng'ombe mwenye mimba, kiangazi, amesimama mwenyewe? Alikuwa amelala tangu jana yake?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hicho kimeng'enya kinafanya kazi. Kwenye ripoti hatuwezi kuandika hivyo, tungoje mashine. Lakini mimi nimeshaamini." Amenisogezea mpaka Desemba.

Tafadhali usimwache ale koti zaidi, nguo itamkwama tumboni. Na usiniombe lingine, vitu vya maabara haviruhusiwi kutoka, hata hilo moja nimegombezwa vizuri. Harufu yenyewe haitadumu. Fanya haraka uzungumze na Prisca.

Kuna jambo hukuliandika, nami nauliza. Ulisikia nini ulipofungua mfuko?

Mkeo, mwenye furaha na pua iliyoziba,
Lea

*

Mlandege
24 Septemba 2024

Mchumba wangu,

Kamwene. Magoti yote mawili yanauma sawasawa na nitakueleza sababu.

Nimefurahi mpaka nimemwambia hata Rabson. Dokta wako huyo ni mtu wa maana. Kama hajaolewa mwambie nina nyumba na nusu ya koti.

Sasa kamati. Ijumaa, siku moja kabla hawajafika, nilikwenda kukata nywele. Nyuma yangu Mama Blessing, kwa wema wake wote, aliliona koti chafu liko horini. Akasema mzee wa watu anaaibika kesho. Akalifua. Kwa sabuni ya unga, mara mbili, akalianika. Nilirudi nikakuta koti jeupe kama mkate, lina mkono mmoja na linanuka maua. Nikalipeleka kwa Sifa. Alilinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa akaangalia njia.

Mama Blessing alilia aliponiona uso wangu. Nikambembeleza, nikasema si kitu. Lakini nilipobaki peke yangu nilijua ng'ombe wa Lusia anaondoka kesho.

Hapo ndipo nijibu swali lako. Nilipofungua mfuko ule nilidhani bibi yako amerudi. Ndivyo ilivyokuwa, Lea, siandiki kwa kutia chumvi. Wewe hukuwa unakaa hapa miaka ile ya mwisho. Kila alasiri alikuwa anatoka kinyunguni na mzigo wa majani kichwani, anautua mlangoni, anasema "Aroni, umekaa tu?" Nguo zake zilikuwa na harufu hiyo hiyo. Mimi nilikuwa ndani nimekaa tu. Nilisikia harufu kabla ya sauti, kila siku. Ng'ombe naye hivyo hivyo. Kumbe ile njia anayoiangalia, anamngoja yeye. Hakuwa amekataa mabua. Alikuwa anangoja mwenye majani arudi.

Na kinyungu hakijakauka. Nilikudanganya. Sijakanyaga kule tangu tumzike. Kuna maji mwaka mzima na majani yake yapo, lakini kuna jembe lake limeegemea kwenye mti na sikutaka kuliona.

Basi Jumamosi asubuhi nilichukua mundu wake na vitenge vyake viwili vya njano vilivyobaki msumarini, nikashuka bondeni. Jembe lipo. Nikalisalimu, nikakata majani. Nilikuwa nimesahau kamba, kwa hiyo nilifunga mzigo kwa kitenge kimoja, na cha pili nikakizungusha kichwani kiwe kata. Kilima cha kurudi kilinimaliza. Katikati nikasikia mtu anaimba, nikasimama nione ni nani. Ni mimi. Ulikuwa wimbo ambao Lusia alikuwa anapandia nao kilima kile, sauti ya pili, ambayo kwaya yangu haikuwahi kuipata sawasawa.

Nikaingia uani nikiwa na mzigo kichwani, vitenge viwili vya njano, jasho mpaka kwenye viatu, ninaimba sauti ya akina mama. Kamati yote ilikuwa imeshafika, imekaa kwenye benchi. Prisca alikuwa na kalamu mdomoni. Rabson akaruka juu: "Si nilisema! Huyo hapo na majani!" Wiki tatu ananitafuta na jani hakuna, siku moja tu nina majani, nayo ndiyo siku ya kamati.

Nikautua mzigo mlangoni kama alivyokuwa anautua yeye. Sifa alilia, Lea, alilia kama siku ile. Akala majani, nikachanganya na mabua akala na mabua, watu wanatazama.

Rabson akaanza tena habari za chanzo cha maji. Prisca akamwambia, "Kaa chini. Hayo ni majani ya kinyungu cha Lusia, nimekata naye miaka sita, nayajua." Halafu akanitazama, akatazama vitenge, akafuta macho. Akasema ng'ombe anabaki mpaka azae, ila mzee Aroni aende bondeni kila siku. Nikasema sawa. Kwa hiyo magoti sasa yanafanya zamu moja.

Nimesema langu. Lako bado. Kwa nini huji?

Aroni

*

Uyole
17 Novemba 2024

Mume wangu,

Jana nilikuwa maabara, simu ikaita, nikaona imeandikwa BABU. Simu ya kabatini, ya misiba! Nilikaa sakafuni kabla ya kupokea, na Dokta Mbuke akaja akakaa sakafuni na mimi na koti lake jeupe, bila kuuliza. Nikapokea. Ukapiga kelele moja tu, "Jike!" Ukakata.

Babu, siku nyingine anza na kamwene. Tulikaa pale chini tukicheka kama wendawazimu. Dokta anauliza kama ndama ana baka usoni, na anasema mama yake apewe maji ya uvuguvugu. Na Rabson ananifurahisha kuliko wote. Baada ya kuhesabu mbavu mwaka mzima, ndama anakwenda kwake kwa halali. Mfundishe kukata majani, usimwache amlishe maneno.

Mashine imerudi kutoka kwa fundi. Imesema kile alichosema Sifa, ila kwa tarakimu. Kimeng'enya kinakata, tena haraka kuliko tulivyodhani. Mwakani Dokta ananipeleka pwani nikamwone tumbawe mwenyewe, nimwambie asante na pole.

Sasa langu. Sikuja kwa sababu niliogopa kufika mlangoni nikute mke mwenzangu hayupo. Nilipokuja msibani nyumba ilikuwa imejaa watu, sikuliona pengo lake vizuri. Nikajua nikija tena nitaliona. Nikajificha kwenye kazi. Ukiniuliza "unakuja lini" nilikuwa naikunja barua.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza imenyesha na pua yangu, baada ya dawa ya tatu, imefunguka ghafla nikiwa nachanganya chupa. Miezi mitano sijanusa kitu, na kitu cha kwanza nilichonusa ni hicho. Nimesoma kuhusu harufu hiyo kwenye makala chungu nzima, na hakuna hata moja iliyonionya. Niligeuka kutazama mlangoni, Babu. Niligeuka kabisa, nikitegemea aniulize, "Lea, umekaa tu?"

Nakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Usiende bondeni peke yako siku hiyo. Nisubiri, na unitafutie kitenge cha njano.

Mkeo mdogo,
Lea